Dawa za ngozi: lini unapaka, lini unameza, na kile kitube cha mchanganyiko kinachoponza wengi

Juzi kati mama mmoja kaja dirishani na mtoto wa kama miaka sita, mkononi ana kitube cha krimu amekikunja toka mkiani mpaka kimebaki kichwa tu, kama dawa ya mswaki ya mwisho wa mwezi. Ananiambia dokta (huku dirishani sote tunaitwa dokta, mi ni mfamasia), hii dawa nilipoanza kumpaka muwasho uliisha siku ya pili, nikaacha, vikarudi, nikapaka tena vikaisha, sasa hivi nikipumzika siku mbili tu vinarudi vingi kuliko mwanzo. Nikamsogeza mtoto kwenye mwanga. Ile duara ya mashilingi tunayoijua, yenye ukingo ulioinuka na magamba pembeni, haipo. Kuna baka pana lisilo na mpaka, vipele vidogo vidogo juu yake, limetoka shavuni mpaka nyuma ya sikio. Nikamfunua kofia, kichwani sehemu mbili nywele zimekatikia usawa wa ngozi, zimebaki nukta nyeusi nyeusi.

Kile kitube kimeandikwa betamethazoni, klotrimazole na gentamisini. Yani steroidi, dawa ya fangasi na antibayotiki vyote humo humo. Watu wanakipenda maana kinaonekana kinatibu kila kitu, na muuzaji akiwa hajui ugonjwa ni upi ndo kinakuwa cha kwanza kukishika. Shida ni kwamba ile steroidi inanyamazisha kinga ya ngozi, wekundu na muwasho vinaondoka, we unaona umepona, kumbe fangasi amepewa shamba halina mlinzi anaendelea kula taratibu. Na pale kichwani hata ungepaka debe zima la krimu ya fangasi peke yake bado asingepona, nitaeleza kwa nini.

Naandika hapa hatua kwa hatua ninavyowaeleza watu dirishani nikipata nafasi, maana mara nyingi foleni hainiruhusu. Majina ya dawa nimeyaandika tunavyoyatamka, ukisoma boksi kwa sauti utayatambua.

HATUA YA KWANZA: ANGALIA VIZURI KABLA HUJAPAKA KITU

Simama na mgonjwa kwenye mwanga wa jua, usitumie taa ya chumbani. Jiulize kiko wapi, kinawasha saa ngapi, na nani mwingine nyumbani anajikuna.

Duara lenye ukingo wa magamba na katikati kama pamepona, hiyo ni fangasi, mashilingi au choa, na ikiwa kichwani tunaita mapunye. Vipele katikati ya vidole, kwenye kifundo cha mkono, kiunoni, chini ya maziwa, sehemu za siri, vinawasha usiku mpaka mtu halali, na nyumbani wako wawili watatu wanajikuna, huo ni upele wa wadudu, skabi. Ngozi kavu iliyokunjamana na kuwa nene mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, mtoto ana pumu au mafua ya mzio au mzazi anayo, hiyo ni pumu ya ngozi, ukurutu. Mabaka mepesi meupe au ya kahawia kifuani na mgongoni ambayo ukiyakwangua kwa ukucha yanatoa unga unga, hiyo ni mba.

Na kuna moja nataka usiiache kabisa. Baka lililopauka, haliwashi, haliumi, limekaa miezi. Chukua pamba, mwambie mtu afumbe macho, mguse juu ya baka na pembeni yake, akuonyeshe kwa kidole ulipomgusa. Akishindwa kuhisi pale kwenye baka, acha krimu zote, nenda kituo cha afya wakupime ukoma. Ndiyo, ukoma bado upo, unatibika kabisa kwa vidonge vya miezi 6 au 12 kutegemea aina, na dawa ni bure. Wanaochelewa ndo wanaopata ulemavu, na wengi waliochelewa ukiwauliza walikuwa wanapaka krimu ya mba.

HATUA YA PILI: UGONJWA UMEKAA WAPI?

Hapa ndo penye uamuzi wa kupaka au kumeza. Ukipaka, dawa inafika kwenye tabaka la juu la ngozi. Kama ugonjwa uko hapo hapo na ni eneo dogo, kupaka kunatosha na ni salama zaidi, maana ini na figo havihusiki sana. Kama ugonjwa umeingia ndani ya unywele au ndani ya kucha krimu haifiki, lazima umeze. Kama umeenea mwili mzima, au mgonjwa ana homa, au kidonda kinasambaa haraka na kuuma, hapo napo krimu peke yake haitoshi. Mkanda wa jeshi ni mfano mwingine, virusi viko kwenye mshipa wa fahamu, kwa hiyo ni vidonge vya asikloviri, mtu mzima miligramu 800 mara tano kwa siku kwa siku 7, na vianze ndani ya saa 72 toka vipele vitokee, nao watu wanapaka mkaa na dawa ya meno mpaka saa hizo zinaisha.

Na ukishaamua kupaka, aina ya mpako nayo ina maana. Ngozi kavu yenye magamba inataka marhamu, ile nzito ya mafuta. Ngozi inayotoa majimaji inataka krimu. Kichwani na penye nywele nyingi inataka losheni au shampuu. Kwa joto la Dar au Mombasa marhamu mchana kutwa inatesa, paka usiku, mchana tumia krimu.

FANGASI

Ya mwilini: klotrimazole ya asilimia 1, mara mbili kwa siku. Osha, kausha kabisa (fangasi anapenda unyevu kuliko kitu chochote), paka ukianzia nje ya ukingo kama sentimita mbili kwenye ngozi inayoonekana nzima, halafu rudi ndani. Wengi wanapaka katikati tu pale panapowasha wakati fangasi mwenyewe yuko kwenye ukingo anatembea. Endelea wiki 2 mpaka 4, na likiisha machoni bado paka wiki moja au mbili mbele. Terbinafini ya krimu inaenda haraka zaidi, wiki moja mbili. Na kama hela hamna, ile marhamu ya Whitfield, asidi benzoiki asilimia 6 na salisiliki asilimia 3, ya tangu enzi za bibi zetu, bado inafanya kazi, inachoma kidogo na inataka uvumilivu, usipake usoni wala kwenye mapaja kwa ndani.

Mapunye: ni kumeza. Fangasi kaingia ndani ya shina la unywele. Dawa ya siku zote ni griseofulvini, iligunduliwa mwaka 1939 na bado iko kazini. Mtoto anapewa miligramu 10 mpaka 20 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yani mtoto wa kilo 20 ni kati ya 200 na 400, kwa wiki 6 mpaka 8. Kwa hiyo mpime mtoto uzito, usikubali kupewa dawa kwa kukadiriwa na macho. Na hii siri ndogo ina faida kubwa: griseofulvini inataka mafuta tumboni ndo iingie kwenye damu. Mpe baada ya chakula chenye mafuta, maziwa, parachichi, karanga, mchuzi wa nazi. Ukimpa asubuhi na chai ya rangi tupu nusu ya dawa inapita tu. Terbinafini ya vidonge nayo ipo, kawaida wiki 4, dozi pia kwa uzito. Mjamzito asimeze griseofulvini, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango ajue inavipunguzia nguvu, na mwanaume asitungishe mimba mpaka ipite miezi 6 baada ya kumaliza.

Wakati mtoto anameza, nyumba nzima mnaosha kichwa na shampuu ya ketokonazole mara mbili kwa wiki, haitibu unywele ila inapunguza mbegu za fangasi zisisambae. Kofia, kitana, foronya vifuliwe, na mashine ya kinyozi isafishwe, mapunye mengi yanatoka hapo.

Saa ingine mapunye yanavimba, yanakuwa kama jipu laini lenye matundu yanayotoa usaha, mtoto ana tezi shingoni. Watu wanalipasua kwa wembe. Jamani msipasue, siyo jipu, ni kinga ya mtoto inapigana na fangasi kwa hasira, dawa yake ni zile zile za kumeza, na likipasuliwa linaacha kovu, nywele zinaweza zisiote tena pale.

Mba ya kifuani ni tofauti, huyu ni fangasi wa juu juu kabisa. Shampuu ya ketokonazole asilimia 2, ipake mwilini kama sabuni, iache dakika 5, suuza, siku 5 mfululizo. Griseofulvini na terbinafini za kumeza hazifanyi chochote hapa, usipoteze hela. Na rangi ya ngozi inarudi baada ya miezi, usidhani hujapona ukaanza upya kila wiki, kipimo ni ule unga, ukikwangua hautoki basi fangasi kafa.

Na ketokonazole ya vidonge achana nayo kabisa kwa fangasi ya ngozi. Toka 2013 Ulaya wameisimamisha kwa fangasi na Marekani wameibana sana kwa sababu inaumiza ini. Shampuu na krimu yake haina tatizo.

UKURUTU NA STEROIDI ZA KUPAKA

Steroidi siyo adui, nataka hili lieleweke, maana nikisema kile kitube kibaya watu wanakimbia steroidi zote na mtoto mwenye pumu ya ngozi anabaki anajikuna mpaka damu. Shida ni kuitumia bila kujua nguvu yake na bila kujua inatibu nini.

Kwanza mafuta. Ukurutu bila mafuta hautulii hata upewe dawa gani. Oga maji ya uvuguvugu muda mfupi, sabuni isiyo na harufu, jifute kwa kugusa gusa usisugue, na ndani ya dakika tatu ngozi ikiwa bado na unyevu paka mafuta mazito, ya mgando yasiyo na manukato yanatosha kabisa. Asubuhi na jioni, kila siku, hata siku ambazo hauwashi.

Halafu steroidi kwa ngazi. Haidrokotisoni ya asilimia 1 ndo dhaifu, hiyo inaweza kwenda usoni na kwa watoto wadogo kwa siku chache. Betamethazoni valereti ya 0.1 ni kali, ya mwilini, mikono na miguu. Klobetasoli ya 0.05 ni kali kuliko zote, ya viganja, nyayo na ngozi iliyokuwa nene kama gome, isizidi wiki 2 na isizidi gramu 50 kwa wiki bila daktari kukusimamia. Angalia hizo namba, klobetasoli ina 0.05 na haidrokotisoni ina 1, mtu anafikiri ya 1 ndo kali. Asilimia haikwambii nguvu, jina ndo linakwambia.

Kiasi cha kupaka: kamua krimu kwenye kidole cha shahada cha mtu mzima, kuanzia ncha mpaka mkunjo wa kwanza. Huo mstari ni kama nusu gramu, unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Mkono mzima mpaka vidole unataka mistari kama minne. Sasa piga hesabu, kitube cha gramu 15 kina mistari 30. Mtu akiniambia kitube kimoja kimemkalisha miezi mitatu mwili mzima najua alikuwa anapaka kivuli cha dawa, na akiniambia anamaliza viwili kwa wiki usoni nashtuka zaidi.

Mara moja au mbili kwa siku, mpaka ngozi itulie ukiigusa iwe laini, kisha punguza, siku mbili tu kwa wiki kwenye sehemu zinazosumbua kurudi. Ukipaka mafuta na steroidi acha kama nusu saa katikati. Usipake steroidi kali kwa mtoto kwenye eneo la nepi, nepi inaziba hewa na dawa inaingia mara dufu. Usipake karibu na jicho, presha ya jicho inapanda.

Na mkorogo. Kuna dada zangu na kaka zangu wanapaka klobetasoli uso na mwili mzima miaka ili wawe weupe, saa ingine hawajui hata kama imo kwenye kopo. Ngozi inakuwa nyembamba mpaka mishipa inaonekana, michirizi mipana mapajani na kwenye mabega, chunusi, ndevu kwa mwanamke, kidonda cha upasuaji kinagoma kufunga, sukari na presha vinapanda. Kama uko huko usiache ghafla peke yako, ngozi itawaka moto na kuvimba na wewe utarudi kuipaka, nenda kwa daktari wa ngozi akushushe taratibu. Hakuna wa kukucheka, tunawaona kila siku.

UPELE WA WADUDU

Hapa kosa ni moja tu, kumtibu anayejikuna na kuwaacha wengine. Muwasho unaanza wiki 4 mpaka 6 baada ya kuambukizwa mara ya kwanza, kwa hiyo baba anayesema mi siwashwi anaweza kuwa nao tayari. Nyumba nzima, siku moja, usiku mmoja, pamoja na dada wa kazi na mgeni aliyelala chumba cha watoto.

Permethrini ya asilimia 5: paka toka shingoni mpaka nyayo, chini ya kucha, kitovuni, katikati ya matako, sehemu za siri, kwa watoto wachanga na wazee na kichwani pia. Lala nayo kwa muda wa saa 8 mpaka 14, asubuhi oga. Ukinawa mikono usiku, paka tena mikono. Rudia baada ya siku 7. Kama haipatikani kuna benzaili benzoeti, ile BBE tunayoijua, mtu mzima asilimia 25 anakaa nayo saa 24, mtoto unaichanganya na maji nusu kwa nusu, inachoma, mtoto mchanga na mjamzito ni bora marhamu ya salfa.

Ya kumeza ni ivermektini, mikrogramu 200 kwa kilo, mtu wa kilo 60 ni miligramu 12, yani vidonge vinne vya miligramu 3, halafu dozi ya pili baada ya wiki moja au mbili. Dozi moja haiuwi mayai ndo maana inarudiwa. Siyo ya mtoto chini ya kilo 15 wala mjamzito. Ndugu zetu wa Congo wanaoishi maeneo ya misitu yenye minyoo ya loa waseme hilo kabla ya kupewa, kwa mwenye minyoo hiyo mingi kwenye damu inaweza kuleta madhara ya ubongo.

Asubuhi hiyo hiyo fua nguo na mashuka kwa maji ya moto, anika juani, piga pasi. Visivyofulika funga kwenye mfuko wa plastiki siku nne, mdudu hakai muda mrefu bila ngozi ya mtu. Muwasho unaweza kuendelea wiki 2 mpaka 4 baada ya wadudu kufa, usirudie dawa kila siku mbili, utaunguza ngozi bure.

VIDONGE NA SINDANO VINAVYOTAKA HESHIMA

Predinisoloni na sindano za mzio. Mtu anachomwa sindano muwasho unaisha kama muujiza, mwezi ujao anarudi. Ni steroidi ile ile ila sasa iko mwili mzima. Ukiimeza zaidi ya wiki 3 usiikate ghafla, mwili umeacha kutengeneza ya kwake, unapunguziwa. Mwenye sukari au presha aseme kabla. Na mwenye soriasi, yale mabaka manene yenye magamba ya fedha kwenye viwiko na magoti, akipewa predinisoloni kisha ikakatwa anaweza kuripuka vipele vya usaha mwili mzima.

Methotreksati kwa soriasi kali: mara MOJA KWA WIKI. Chagua siku, iandike kwenye boksi kwa kalamu nzito, JUMATATU. Ikimezwa kila siku inaua, inafyeka uboho. Inaenda na asidi foliki, vipimo vya damu na ini, bila pombe, na bila ujauzito.

Mwisho dawa yenyewe inaweza kuleta ugonjwa wa ngozi. Kuna mtu kila akimeza septrini linatoka baka la duara jeusi palepale, mdomoni au sehemu za siri, likipona linabaki doa. Huyo septrini siyo yake, aiandike kwenye kadi. Lakini kuna kubwa zaidi. Ukianza dawa mpya, septrini, SP ya malaria, karbamazepini ya kifafa, nevirapini ya VVU, alopurinoli ya gauti, ndani ya wiki moja mpaka nne ukaona homa, macho mekundu, vidonda mdomoni, ngozi inauma kabla hata ya malengelenge kutokea kisha inaanza kubanduka, acha hiyo dawa na nenda hospitali usiku huo huo, usisubiri kuche.

Yule mtoto nilimwambia mama aache kitube, nikawaelekeza kliniki ya ngozi, akaanza griseofulvini ya kumeza na krimu ya fangasi tupu shavuni. Nilimwonya wiki ya kwanza muwasho utapanda, maana steroidi imeondoka na kinga imeamka, asiogope. Alinipigia siku ya nne analia kweli, tukaongea, akavumilia. Wiki ya sita alikuja na mtoto bila kofia, pale penye nukta nyeusi pameota vinyweleo vifupi laini.

Kama na wewe unaenda kliniki (na ukiwa kaskazini, pale hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi toka 1992), piga picha kwa simu kabla hujapaka kitu, mchana, moja ya karibu na nyingine ya mbali. Kusanya kila kitube na kila kopo ulilotumia hata lile lisilo na lebo, weka kwenye mfuko ubebe. Asubuhi hiyo usipake chochote, wala mafuta, ili wakitaka kukwangua magamba waangalie kwa hadubini wayapate.